Mfalme Aliyeogeshwa Yanonge

Niliondoka Kisangani kwa sababu ya swali la mwanafunzi. Ninafundisha historia darasa la sita, na siku hiyo nilikuwa nikieleza habari za yule mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo nzima kuwa mali yake binafsi bila kuikanyaga hata siku moja. Espérance akauliza kama nimewahi kumwona uso. Kabatini mwangu mna sarafu za wafalme waliomfuata, zote chini ya kioo na kufuli. Yeye nilikuwa nimemtafuta miaka ishirini bila kumpata. Swali liliniuma. Nikaliahidi darasa kwamba Jumatatu watamwona.

Sikujigamba bure. Mama Bernadette, muuza samaki wa Yanonge, ukiteremka mto, alikuwa amenitumia picha kwa simu: sarafu ya fedha ya faranga tano, nyeusi kwa uzee, mfalme ametazama upande, ndevu zake zinahesabika. Babu yake aliiacha ndani ya kopo. Tulikubaliana nimpelekee vitenge viwili anipe mfalme. Kwa utani nikamwambia amtunze vizuri, maana huyo ni mgeni mkubwa.

Jumamosi asubuhi, bandarini. Baleinière, ile boti ndefu ya mbao, ilikuwa iondoke saa kumi na mbili. Tuliondoka saa nne, kwa kuwa nahodha alimsubiri nguruwe aliyekwisha kulipiwa nauli. Nguruwe akapewa nafasi kando yangu. Mdomo wangu haukutulia, na kabla ya kijiji cha pili boti nzima ilijua ninakwenda kumchukua mfalme. Bibi mmoja alitaka kuhakikisha kama mfalme atakubali kurudi na usafiri wa namna hii.

Saa nane mchana, Yanonge. Mama Bernadette alinipa maji ya kuoga kwanza, kama watu wa mtoni wanavyompokea yeyote atokaye safarini. Kisha tukala liboke, samaki waliofungwa na kupikwa ndani ya majani, pamoja na kisamvu, ambacho kwetu ni pondu. Baada ya chakula akaleta sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, akafunua.

Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Sarafu iling'aa kama kijiko kipya. Pua hakuna, ndevu hakuna, paji la uso hakuna. Lilibaki sikio moja. Mama alikuwa ameisugua siku tatu kwa mchanga na jivu, kisha mumewe, Papa Lokwa, fundi wa injini za boti, akamalizia kwa tupa.

"Papa mwalimu, mugeni akitoka njia, kwetu tunamupatia mayi ya kuoga," alisema Mama Bernadette. "Uyu alitoka mbali, kule Poto kwa wazungu. Na alikuwa muchafu sana."

Machozi yalinitoka. Wao wakadhani ni furaha. Papa Lokwa akanipigapiga begani na kuahidi kunisafishia wafalme wengine wote, bure.

Jumapili, njiani kurudi. Kupanda mto ni kazi ya siku nzima, nami niliitumia kutunga uongo wa kuliambia darasa. Abiria waliomba kumwona mfalme. Nilisema amelala.

Jumatatu, darasani. Uongo wote ulinikimbia. Niliiweka sarafu mezani nikakiri kwamba uso umekwisha, limebaki sikio. Na kwa kuwa hakuna mkusanyaji ambaye angeitaka tena, niliwaruhusu waishike, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa sarafu yoyote. Espérance aliichukua. Akaisogeza mdomoni, akasema taratibu ndani ya lile sikio:

"Bon, papa mufalme. Ile inchi ilikuwa na wenyewe."

Hakuna aliyecheka. Darasa zima likapanga mstari, kila mmoja na neno lake, hata kengele ilipolia hawakutoka. Miaka ishirini nilitafuta uso wa yule mtu ili tumtazame. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba sisi ndio tulikuwa na la kumwambia. Nikaenda kusimama nyuma ya mwanafunzi wa mwisho, nikangoja zamu yangu.