Kadi ya Kelele

Mama mkubwa hakuruhusu sauti ipite bila kuitaja kwa jina lake. Mfuniko ukianguka jikoni, angesema kutoka sebuleni, "Mshindo huo." Watoto wa jirani wakigombania mpira, "Zogo." Lori likipita, "Mngurumo." Neno lisipomridhisha alikaa kimya hadi apate jingine, hata kama wageni wanamsubiri. Mumewe alimwambia siku moja, "Mke wangu, mimi nikikoroma niite utakavyo, ila niache nilale."

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika ofisi ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la rangi, vimejaa droo za kadi hadi darini. Neno moja, kadi moja: maana, mifano, asili. Nilipomaliza chuo alinitafutia nafasi ya msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kutoa kadi zilizokamilika na kumpelekea mpiga taipu.

Mwaka ule tulikuwa tunamaliza herufi N, iliyokuwa yake. Asubuhi moja mkuu wetu, aliyekuwa akizipitia kurasa kabla hazijachukuliwa na watu wa uchapaji saa nane mchana, akatoka na karatasi mkononi.

"Nod, kisha nomad," alisema. "Noise iko wapi? Nchi nzima inapiga kelele, kamusi yetu tu ndiyo imenyamaza?"

"Niliiandika," mama mkubwa akajibu.

"Droo haina kitu, dada."

Tukapekua. Tukavuta droo zote za N, tukapapasa nyuma ya makabati, tukamwaga kapu la taka sakafuni. Mpiga taipu, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, akasema, "Labda ulikusudia tu kuiandika, bibie. Mimi jana nilikusudia kufua."

Sisi wengine tulicheka. Mama mkubwa hakucheka. Nilijua kilichokuwa kinamla. Mama yao, yaani bibi yangu, alianza kwa kusahau chumvi kwenye chungu, akaishia kuwauliza binti zake wao ni wa nani. Tangu mwanzo wa mwaka mama mkubwa alikuwa akijichunguza kimyakimya, kila alipopoteza ufunguo.

Alinivuta pembeni, dirishani. "Nakumbuka hata wino," alisema. "Neno limetoka Kifaransa, na wengi wanalirudisha kwenye neno la Kilatini la kichefuchefu, kile cha melini. Nikaandika kwamba wako wasiokubali. Nikaandika na maana ya mafundi wa redio, ile mikwaruzo inayofunika sauti unayoitaka. Mwanangu, yote hayo nimeyaota?"

"Hapana, mama."

"Unajuaje?"

Akarudi mezani, akachukua karatasi safi na kuanza kumwandikia mkuu barua ya kuacha kazi. Aliandika kwa mwandiko ule ule nadhifu wa kadi zake. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nilisimama nikimwangalia, na neno lile kichefuchefu likanirudia, na pamoja nalo maumivu madogo kwenye kidole gumba. Ofisini kwetu, maneno mawili ya asili moja yalibanwa kwa pini, mgongo kwa mgongo, hadi mwandishi ayalinganishe. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimetoa kadi ya nausea, yaani kichefuchefu chenyewe. Pini ikanichoma. Nikanyonya damu, nikaipeleka kadi kwa mpiga taipu pamoja na jirani zake, bila kuigeuza.

Nilikimbilia sanduku la kadi zilizokwisha kupigwa taipu. Ilikuwepo. Na mgongoni mwake, kwa wino ule wa bluu, ilikuwepo noise, na kila alichoniambia dirishani, hadi mikwaruzo ya redio.

"Mama, ni mimi," nilisema. "Sikuigeuza."

Aliisoma yote, polepole, midomo ikichezacheza. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Nisamehe."

"Mzembe mkubwa wewe!" Akanikumbatia hadi miwani ikamtoka. "Ahsante! Ahsante sana!"

"Makubwa haya," mpiga taipu akasema. "Mharibifu anashukuriwa."

"Piga taipu, wewe," mama mkubwa akamwambia, huku analia na kucheka, na barua ameshaichana vipande vinne. Kufika saa saba na nusu ukurasa ulikuwa tayari.

Aliishi miaka tisa zaidi. Moyo ndio uliochoka. Akili ilibaki nzima. Jioni ya mwisho nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake, namdanganya kwamba sina haraka. Alinitazama kidogo, akaangalia nje.

"Nenda nyumbani, mwanangu. Mvua inakuja, na juzi uliniambia dirisha la chumba cha watoto halifungi. Wewe umesahau. Mimi sijasahau."