Mkono Ulioachia Kamba

Nilizaliwa mahali ambapo asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Kenya wewe ukiwa bado na mswaki mdomoni, na sijawahi kuupanda hata hatua moja. Kupanda nilikuja kujifunzia Texas, ambako kilima kirefu kuliko vyote karibu na kwangu Euless kilikuwa flaiova ya barabara kuu. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao, ndani ya jengo lililowahi kuwa ghala, umepigiliwa vipande vya plastiki vya kushika na kukanyaga.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Kikundi cha kanisa letu, Wakenya na Wakongo, kilitaka kwenda kuomba milimani New Mexico. Mchungaji akasema haendi mtu asiyejua mambo ya porini: kusoma ramani, kujikinga na radi, kufunga jeraha, kutumia kamba. Mimi ni muuguzi. Somo la majeraha nililifundisha mwenyewe, na kwa kiburi nikadhani hayo mengine yatanijia tu.

Kwenye kamba tulipangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Mkongo, baba wa watoto wanne, mbeba maboksi katika ghala moja la Grand Prairie. Yeye milima aliijua. Aliivuka kwa miguu akikimbia vita, na hakupenda kuulizwa habari zake. Mmoja wetu alipanda na mwingine akabaki chini, kamba ikipita kwenye kifaa cha chuma kiunoni mwake. Mkono wa kushoto unaongoza tu. Wa kulia ndio breki, na mwalimu wa kamba alituambia hata nyuki akikuuma usiiachie kamba.

Jumamosi ya tatu, mwenzangu alikuwa karibu kufika juu simu yangu ilipolia. Rafiki yangu wa Houston alikuwa anaolewa, na tangu asubuhi alikuwa ananisumbua kuhusu rangi ya sare. Nilijua ni yeye. Nilijua pia kwamba harusi ilikuwa bado miezi miwili. Nikaitoa simu mfukoni kwa mkono wa kulia.

"Dada, umeshika?" aliniuliza kutoka juu, kama tulivyofundishwa.

"Nimeshika," nikamjibu, simu ikiwa sikioni.

Akaachia ukuta. Nilipoidaka kamba ilikuwa inakimbia, ikanichoma kiganja, na yeye akatua kwa kisigino. Mlio wa mfupa ninaujua kwa kazi yangu. Mwalimu alikuja mbio kutoka upande wa pili akiuliza kumetokea nini, na kabla sijafumbua mdomo, yeye pale chini, jasho likimtoka, akasema, "Ni miye njo niliruka. Sikumuuliza kama ameshika."

Nilimwacha aseme hivyo. Nikamfunga mguu vizuri sana, kila mtu akanisifu.

Kisigino kilichukua miezi, na ghala halikumngoja. Mkewe akaanza kulea wazee zamu mbili, huku akimlaumu mumewe kwa kuruka kama mtoto. Mimi nikawa mtu wa chapati na maharage kila Ijumaa, na wa kumpeleka kliniki. Siku moja mkewe alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amempa dada Amerika. Watu wakapiga makofi. Nikasema amina, tena kwa sauti. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliyewaambia wagonjwa hivyo kila wiki nilikuwa nimeficha langu chini ya sufuria ya maharage. Nilijichukia, lakini nilipenda zaidi kuonekana mwema.

Ulipita mwaka wa pili ndipo nikaenda kwao kusema. Alinifungulia mlango akichechemea, tukaketi sebuleni. Mkewe alikuwa jikoni.

"Kaka," nikaanza, "siku ile nilikuwa nimeachia kamba. Nilikuwa kwenye simu."

"Najua. Nilikuona."

"Mbona ulinitetea?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo ambalo hata mtoto analijua. "Dada, simu ya kwetu haina saa. Siye tulipata habari ya kaka yangu nikiwa kazini, maboksi yote ikaanguka. Mutu akisikia kifo, mukono inaachia yenyewe. Nikasema, huyu amefiwa, tena wamufukuze na mbele ya watu?" Akainamisha kichwa kwa heshima. "Tunawaombeaka kila siku, miye na watoto. Ila hatukujua jina. Ni nani alikufaka?"

Ningeweza kumtaja bibi yangu, aliyefariki mwaka ule kwa uzee. Jina lake lilinifika hadi kwenye meno.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. Nikamweleza habari ya harusi, ya rafiki yangu, ya rangi ya kitambaa. Sikuacha kitu.

Hakupandisha sauti. Aliupapasa mguu wake, halafu akaita kuelekea jikoni, "Mama watoto, kuya hapa." Mkewe akatoka akifuta mikono, akinitabasamia mimi dada yake, akaniuliza kama nitakula.

"Mwambie," mumewe akasema. "Sema vile umenisemea sasa hivi."