Msusi Mbele ya Picha

Jumamosi nilimpeleka jirani yangu, msusi wa hapa Wembley, kwenye jumba la makumbusho. Mwongozaji alitusimulia maisha ya mchoraji wa kale wa Kitaliano, nasi sote tukaukodolea macho uso wa mama aliyechorwa naye. Msusi alitazama nywele tu, vidole vyake vikisuka hewani.

“Mchoraji huyu alizisuka mwenyewe kwanza, ndipo akachora,” akaninong'oneza. “Na tazama msuko unavyolala: alikuwa mashoto. Hebu muulize mwongozaji.”

Nikauliza kwa Kiingereza, huku naona haya. Mwongozaji akaduwaa.

“Kweli, alitumia mkono wa kushoto. Mwenzako amejulia wapi?”

“Mwambie saluni,” akajibu msusi.

Karne tano tunamtazama yule mama usoni, sisi na wasomi wetu. Kumbe mchoraji alikuwa akimsubiri msusi.