Njia Tuliyoipanua Mno

Lipo jambo moja, mwanangu, ambalo hunijia kila ninapoona vijana wameshika mapanga kwa nia njema. Lilitokea miaka ya tisini ikielekea kuisha, hapa hapa kwetu kusini mwa Garissa, kwenye njia inayoshuka kutoka kijijini hadi Mto Tana. Keti. Chai ipo, na jua bado halijawa kali.

Njia ile inakwenda malka, mahali pa kunyweshea mifugo. Pande zake zote mbili ni msitu wa mto: migunga, mikoma, na miswaki iliyofungamana kama nywele zisizochanwa. Msitu huo haukuwa wa mtu. Ni ardhi ya umma, na kwa sababu hiyo kila mtu aliutumia na hakuna aliyeamka asubuhi akauwaza. Chini kabisa, karibu na maji, palikuwa na migunga mizee ambayo matawi yake yalikutana juu. Hapo ndipo makundi yaliyotoka mbali yalipumzika yakingoja zamu, maana ukingo wa mto ni mwembamba na ng'ombe wengi hawawezi kuushuka pamoja. Ng'ombe mwenye kiu akingoja kivulini hutulia. Akingoja juani, akisikia harufu ya maji, hakuna fimbo ya kumzuia. Husukuma walio mbele, na walio mbele ni ndama, na mtoni mna mamba. Kwa hiyo ukisikia watu wa zamani wanakisifia kivuli kile, jua hawakisifii kwa ajili ya usingizi wa mchana.

Basi ikaja ile mvua kubwa ambayo watu hadi leo wanaiita El Nino. Mto ulipanda, ukashuka, ukatuachia mathenge. Mbegu zake zilisafiri na maji na matumboni mwa mbuzi, na kabla hatujatambua, mti ule wa miiba ulikuwa umeibana njia. Ng'ombe wakachechemea. Wanawake wakarudi kutoka mtoni na madumu ya maji, nguo zimechanika mabegani. Mama yangu, Hooyo tulivyomwita kwa Kisomali, alikaa kila jioni na sindano, akitoa miiba nyayoni mwa wadogo zangu huku akiwakaripia kana kwamba wao ndio walioipanda.

Tukajikusanya vijana. Hakuna aliyetutuma. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani kulikuwa kumenichosha. Aliyetuongoza ni Yusuf, binamu yangu, ambaye aliwahi kufanya kibarua kwenye ujenzi wa barabara na tangu hapo akapenda mno vitu vilivyonyooka. Tulikuwa na mapanga, na hangool, ile fimbo ya wafugaji yenye ndoano ncha moja na panda ncha nyingine, ya kuvuta miiba na kuisukuma. Wasichana tulikuwa wachache, na wavulana hawakutuacha tusahau. Mmoja wao akaniita kwa naa, ndivyo mwanamke huitwa kwa Kisomali.

"Habiba, naa! Hiyo panga imekushinda urefu. Nenda utuchemshie chai."

"Nikirudi na chai, walaal, ndugu yangu, nitaukuta mti wako bado umesimama," nikamjibu. Wakacheka, naye akaanza kukata kwa hasira, jambo ambalo ndilo nililolitaka.

Tulifanya kazi vizuri, sikatai. Mathenge tuliing'oa na mizizi. Lakini njia ilikuwa na kona moja, pale ilipopinda kuuzunguka mkwaju mkubwa, ikapenya kati ya shina na korongo. Yusuf akasimama hapo, akafumba jicho moja kama fundi.

"Kwa nini tuzunguke? Tukiikata miswaki hii hapa, njia inanyooka mpaka majini."

Nasi tukaikata, miswaki mizee minene kuliko kiuno cha mtu. Tukaipanua njia, tukainyoosha, hata ukisimama juu unauona mto unang'aa kule chini kama kisu. Nakwambia ilikuwa nzuri. Tulichinja mbuzi siku tuliyomaliza.

Abti Gedi, kaka yake mama, alirudi siku hizo kutoka upande wa Wajir na ngamia wake. Kwetu mjomba na mpwa huitana neno lile lile, abti, kwa hiyo yeye aliniita hivyo na mimi nikamwita hivyo. Aliitembea njia yetu yote. Sisi tulimfuata nyuma tukingoja sifa.

"Abti," akasema mwishowe, "nani aliwaomba upana huu?"

"Hakuna aliyetuomba," nikasema. "Tumejitolea."

"Mmejitolea kwa nani?"

Yusuf akaingilia, akimwita adeer kama vijana wanavyowaita wazee kwetu, "Kwa jamii, adeer."

"Hii jamii yako iko na miguu mipana namna gani?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza kwamba njia ya malka ilikuwa na kipimo chake: ngamia aliyebeba aqal, ile nyumba yetu ya fito na mikeka, iliyovunjwa na kufungwa mgongoni kwa safari. Ngamia huyo akipita bila fito kugusa miiba, njia imetosha. Kinachozidi hapo, alisema, mnamkatia mtu ambaye bado hamjamjua. Yusuf alimnong'oneza jirani yake kwamba mzee angetaka hata ndege ipimwe kwa ngamia. Mimi nilicheka tena, na sikujificha sana.

Mtu tuliyekuwa hatujamjua alikuja kabla miezi mingi haijapita. Alikuja na lori.

Mwanzo tuliona alama za magurudumu mchangani. Halafu tukaona moshi chini karibu na maji, si moshi wa kupika. Siku Hooyo alipoteremka na ng'ombe, alirudi, akakaa, akasema tu kwamba jua limeingia malkani. Nilikwenda kuona. Mgunga mmoja mkubwa ulikuwa umelala, na mwingine umefukiwa vipande vipande chini ya udongo, unachomwa mkaa. Kiangazi kilikuwa mbele yetu. Kama migunga yote ingeanguka kabla ya kiangazi, makundi yangengoja juani, na kila mmoja wetu alijua kinachofuata.

Tukaenda ofisini kwa chifu kulalamika. Tukajibiwa kwa upole kwamba njia ni ya umma, na hakuna anayeruhusiwa kuifunga asipite mtu fulani. Yusuf alitaka tuchimbe handaki katikati. Mwingine akataka tupasue magurudumu. Nilikaa nikalifikiria lile jibu la ofisini, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona linatupa nafasi.

"Hatuifungi," nikawaambia. "Tunairudisha ilivyokuwa. Ile kona ya mkwaju bado ipo. Atakayeweza kupita, apite."

Yusuf akauliza, "Yaani tukabebe ile miti tuliyoikata tuirudishe?"

"Ndiyo."

"Wallahi tutachekwa."

Tulichekwa, tena na watu wale wale waliokula mbuzi wetu. Tukayaburuta magogo ya miswaki tukayalaza kwenye ule mkato ulionyooka, tukajaza miiba kwa hangool, na kati yake tukachomeka matawi mabichi ya mti ule unaoota mizizi hata ukichomekwa kama ua wa boma. Kisha tukasafisha kona ya zamani, kati ya mkwaju na korongo, kwa kipimo alichotueleza Abti Gedi. Yeye mwenyewe alikuja na ngamia. Hooyo akavunja nyumba yake nzima na kuifunga mgongoni kwa ajili ya kupima tu, akilalamika muda wote. Ngamia akapita. Fito zilitingishika karibu na shina la mkwaju, lakini hazikugusa.

Tukiwa bado tunashangilia, lori likateremka. Halikuwa na mzigo. Dereva akasimamisha, akashuka, akaona magogo, akaona kona, akaona ngamia na nyumba mgongoni.

"Nyinyi vijana!" akasema. "Si nyinyi mlionifungulia hapa? Niliwaombea dua kila nikipita!"

Tuliona aibu, kwa kuwa alisema kweli.

"Njia iko wazi," Abti Gedi akamwambia. "Pita."

"Nipite wapi, mzee?"

"Hapo amepita ngamia."

"Hii ni lori!"

"Gari yako iko na nundu? Ikiota, irudi. Tutaipima."

Hata utingo wake alicheka, akageuza uso. Dereva naye alitabasamu kidogo, halafu akawa mtu wa kawaida tu, mwenye shida. Akasema vijana wake wako kule chini, na mkaa umeshatolewa shimoni na kutiwa kwenye magunia. Tumwache aingie mara hii moja, auchukue, kisha tufunge tunavyotaka. Nikamwona Yusuf anayumba. Na mimi niliyumba, maana maneno yake hayakuwa mabaya. Lakini lori likiingia linaingia na mashoka, na migunga ilikuwa bado imesimama kule.

Abti Gedi akatugeukia sisi, si dereva.

"Huyu nyinyi ndio mlimwita," akasema. "Msimwache ahangaike. Mbebeeni."

Tukabeba. Kutoka malkani hadi kwenye kona, kupanda mteremko, magunia mgongoni, sisi na dereva na utingo na wachomaji wake. Vumbi jeusi likaingia machoni na mdomoni. Nilipandisha gunia langu nikijua lina tawi ambalo nililala chini yake nikiwa mtoto, na mgongo wangu ukauhesabu uzito wake wote. Hakuna mtu aliyeimba. Hakuna aliyeniambia nikachemshe chai. Mchana dereva aliketi chini, mikono imechubuka, akasema mkaa wa namna hii haumfai, afadhali abebe mahindi. Aligeuza lori jioni na hatukumwona tena.

Kiangazi kile migunga iliyobaki haikutosha makundi yote. Waliotoka mbali walingojea chini ya mikoma, wengine juani, tukasimama na fimbo mbele ya ndama tangu asubuhi hadi alasiri. Tuliwashika ng'ombe wasisukume. Ilikuwa kazi, lakini tuliwashika, kwa sababu kivuli hakikuisha chote. Miswaki haijarudi ilivyokuwa. Tangu hapo kila baada ya mvua tunateremka kung'oa mathenge na kutazama ule ua kama umekufa mahali, na Yusuf, mwenye mvi sasa, ndiye mkali kuliko wote akiona kijana anapeleka panga nje ya njia.

Nimekusimulia haya kwa sababu kesho mnaanza kazi yenu ya kujitolea, na nimefurahi. Nakuusia hivi, mwanangu. Kabla hujakata, itembee njia pamoja na wale wanaoipita kila siku, mwanamke mwenye dumu, mzee mwenye ng'ombe mgonjwa, uwaulize wanachohitaji, na ufanye hicho tu. Kona ukiikuta, uliza iliwekwa kwa nini kabla ya kuinyoosha. Ukikosea, rudi ukarekebishe kwa mgongo wako, usimwachie mwingine. Na usiitunze njia kwa siku moja ya picha na mbuzi. Msitu usio wa mtu unakutaka urudi tena na tena, hata mwaka ambao hakuna anayekusifu.

Mungu akupe afya ya kuifanya kazi hii na subira ya kuirudia. Akuepushe na miiba na nyoka, akuletee mvua ya rehema isiyobomoa. Na siku utakapozeeka, watoto wa wengine wakute njia wanayoweza kupita, na mahali pa kungojea. Amin. Haya, nenda, jua limeanza kupanda.