Nilimwambia Afisa Kazi Kwamba Nesi Wangu Ni Mgeni

Admin, jina langu lifiche, sema tu mzee mmoja wa Masasi. Nina miaka sabini kasoro. Shule niliishia la nne, na hiyo la nne yenyewe nilirudia.

Miaka ile ya ruksa, watu binafsi tulipoachiwa kufungua zahanati, mimi nilikuwa muuza mitumba. Nikaona homa haina msimu kama korosho, nikafungua yangu hapa mjini, mtaa wa Lisekese. Nikampata mganga mstaafu, na nesi mmoja Mngoni wa Songea, nimwite Mama Edita. Mimi Myao. Mnajua Wangoni na sisi ni watani, wazee wao waliwachapa wazee wetu vitani.

Basi akiniuliza, "Mtani, mkataba wangu lini?" namjibu, "Mateka ana mkataba? Kachemshe sindano!" Naye hakubali: "Babu yako alijificha kwenye miamba, wewe unajificha kwenye karatasi!" Tunacheka, siku inapita. Ikapita miaka minne hivyo, hana hata barua.

Sindano tulichemsha kwenye sufuria, juu ya jiko la mkaa lenye mguu mbovu. Aliniambia mara tatu, "Mtani, hili jiko litaniunguza." Nikasema Mngoni haungui. Asubuhi moja likalala, maji yote yakammwagikia mkono wa kulia.

Afisa kazi akaja kutoka Mtwara. Akauliza, "Huyu mama ni mfanyakazi wako?" Jamani, niliogopa kufungiwa. Nikasema, "Hapana mzee, ni mtani wangu, alikuja kunisalimia akajitia kusaidia jikoni." Akamgeukia Mama Edita, mkono umefungwa bandeji. Mama akanitazama, akatabasamu, akamjibu afisa, "Ndiyo, mimi mgeni."

Aliniokoa. Mimi nikamwambia akapumzike nyumbani mpaka apone, na wiki ile ile nikaleta nesi mwingine. Sikumwita tena. Vidole vikajikunja, sindano hashiki. Mpaka leo anauza ming'oko sokoni, vile viazi vya porini, anamenya kwa mkono wa kushoto. Nikimwona napita njia ya nyuma, mimi niliyekuwa natania hadi maiti.

Mwezi uliopita mke wangu alifariki. Kwetu kazi za msibani ni za watani, na Mama Edita akaja. Akajifunga kanga ya marehemu, akasimama mlangoni pa jiko na sufuria, akapaza sauti: "Leo mniandike jina kabisa! Nisije nikaungua, mwenye nyumba akasema mimi mgeni!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wanangu nao wakacheka, hawajui kitu. Mtani hakasirikiwi, nami nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikalia kama mtoto.

Sasa zahanati anaiendesha mwanangu mkubwa, kila mfanyakazi ana mkataba kwenye faili. Wiki ijayo ni arobaini ya mama yao, na Mama Edita atakuja tena kupika. Natamani nisimame mbele ya wale wale waliocheka, niseme huyu alikuwa nesi wangu, aliungulia kazini kwangu, na nilidanganya. Lakini nawaogopa wanangu. Na zaidi namwogopa yeye: nikimwomba msamaha akanijibu kwa utani, nitajuaje kama amenisamehe?

Nyie mliopita la nne, niambieni. Nianze na wanangu, au nianze na yeye? Matusi pia leteni, safari hii sitanii.