Njia Iliyopisha Mzigo

Mkonge ukisagwa hunuka. Mgeni akishuka Voi na upepo umeelekea upande wake, huziba pua na kuuliza ni nani amekufa. Sisi tuliozaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, nje kidogo ya mji, hatukuijua kama uvundo. Ilikuwa harufu ya asubuhi, kama maziwa yaliyolala yakachanganywa na majani mabichi, na ilikuja pamoja na vumbi jekundu lililoingia kwenye ugali, masikioni, hata katikati ya kurasa za Biblia ya mama. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja na mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Mfereji wa kambi ulikohoa upepo siku tatu, kisha ukanyamaza kabisa. Baba alikuwa ameangukiwa na taruma la reli mguuni, akawa amelala ndani, mguu umefungwa kama mtoto mchanga. Baiskeli yake, blekimamba, zile nyeusi za chuma kizito, iliegemea mabati bila mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, na mama alikuwa ameanza kutugawia maji ya kunywa kwa kikombe cha chai. Maji yalikuwa yanapatikana stesheni ya Voi tu. Mama akanitazama, akaitazama baiskeli, akasema, "Wewe ndiye mwanaume mwenye miguu miwili humu ndani." Tatizo ni kwamba sikujua kuendesha.

Aliyenifundisha ni Mwadime, mtoto wa jirani, aliyenizidi mwaka mmoja kwa umri na miaka kumi kwa maneno. Miguu yetu haikufika kwenye pedali tukikaa kitini, kwa hivyo tulipitisha mguu wa kulia ndani ya fremu, chini ya bomba la juu, mwili ukaning'inia upande mmoja kama nyani kwenye tawi. Mwadime alikimbia nyuma yangu ameshika keria, akinitukana njia nzima. "Usiangalie gurudumu, we mjinga! Gurudumu linajijua! Angalia unakokwenda!" Nilianguka hadi magoti yakafanana na nyama ya buchani. Siku ya nne nilifika stesheni na kurudi na mitungi miwili, mmoja kila upande wa keria, imefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mama alimimina maji ndani ya sufuria. Akamnywesha baba kwanza, kisha akanipa mimi kikombe kizima, sio nusu. Nimepewa vitu vingi tangu siku hiyo na sijapewa kitu kikubwa kuliko kile kikombe.

Sasa nisikilizeni kuhusu njia yenyewe. Ilipita kando ya reli, kutoka mlangoni petu hadi stesheni, upana wake baiskeli moja. Haikuchorwa na mtu wala haikufunguliwa kwa hotuba. Miguu na magurudumu ya watu waliokuwa na shughuli ndiyo yaliyoitengeneza, na ndiyo maana ilianzia pale watu walipolala na kuishia pale watu walipotaka kufika. Barabara kuu ilikuwa pale pale, ng'ambo ya vichaka, malori ya Mombasa yakinguruma, lakini hakuna mzazi aliyemruhusu mtoto kuikanyaga. Na ile njia ilikuwa na sheria moja: mwenye mzigo hapishi mtu. Ukiwa umebeba unapaza sauti, "Mzigo!", na yule asiye na kitu anashuka, anaingia kwenye nyasi na mbigili, anangoja upite. Kulikuwa na nyapara mmoja wa genge la reli, mwanaume aliyeogopwa hata na mbwa. Nilikutana naye kwenye mteremko, mimi nikiwa na mitungi yangu, breki zikiwa za kuombea Mungu, yeye akija na baiskeli tupu. Nikajikaza, nikatoa kitu kama mlio wa kuku: "Mzigo!" Nyapara akashuka. Akaingia kwenye mbigili na baiskeli yake yote, akasimama kando kama askari wa gwaride, na nilipompita akasema, "Pita, mzee wangu." Nyuma yangu nikasikia gurudumu lake likipumua. Pancha. Hakunifuata kunichapa wala hakunishtaki kwa baba. Nilifika nyumbani siku hiyo nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka.

Mimi si mtu wa kusomeshwa. Niliacha shule darasa la sita, na sioni haya kusema, kwa sababu wenye digrii ndio hao wanaokuja kwangu kuchukua simiti na kuniita bosi. Nilianza na toroli moja pale sokoni. Leo malori yangu yanapanda hadi Wundanyi na kuteremka hadi Njukini, na duka langu la vifaa vya ujenzi hulikosi ukiingia Voi. Ploti yangu inatoka karibu na barabara kuu mpaka kwenye uzio wa reli, na nimeizungushia ukuta wa mawe ambao tembo akiugusa, atakayeumia ni yeye. Hayo yote nilijitafutia mwenyewe, bila mjomba serikalini. Kwa hivyo nikisema jambo kuhusu baiskeli, nasema kama mtu ambaye baiskeli ilimlea.

Wametuletea njia ya baiskeli. Mradi siutaji jina, wanajijua. Ni njia nzuri, sibishi: imesawazishwa, imepigwa rangi, ina vibao vyenye picha ya mtu mwembamba ameinama kwenye usukani. Shida ni mahali ilipo. Waliiweka mbali kule nyuma ya hoteli za watalii, na kutoka mjini hakuna namna ya kuifikia ila kupita barabara kuu, ubavuni mwa malori. Kwa hivyo wanaoitumia huja na gari, baiskeli imefungwa juu ya paa. Hebu fikiria ujinga huo! Baiskeli inabebwa na gari ili ikaendeshwe! Aliyepima hiyo njia alipima akiwa ameketi mahali penye kiyoyozi, na naapa hajawahi kuuliza hata mwuza mandazi mmoja wa Voi anatoka wapi na anakwenda wapi. Nilipowaambia hivyo kwenye mkutano, kijana mmoja mwenye kaptura ya kubana alinijibu kwamba "wadau walishirikishwa." Nikamwuliza mdau ni nani, kama si anayeendesha. Akaangalia simu yake.

Basi nikaamua kwenda mwenyewe nione. Nilichukua blekimamba ya baba, ambayo ninayo mpaka leo, nikafunga mitungi miwili ya maji kusudi, nikaipakia kwenye pikapu kama wao. Nilipofika nikaishusha na kuipanda, na mlinzi wa getini akanisimamisha.

"Mzee, hapa ni kwa wapanda baiskeli."

"Na mimi nimepanda nini, punda?"

Akacheka, kisha akaona mitungi. "Mzigo hauruhusiwi, mzee wangu. Ni njia ya burudani. Tafadhali usinifanye nikapoteza kazi."

Mzee wangu! Neno lile lile, na safari hii la kunirudisha. Sikugombana naye, maskini, alikuwa anasoma tu kibao. Lakini nilirudi mjini nikichemka, na wiki nzima dukani kila mteja aliisikia hiyo hadithi, atake asitake.

Siku ya Jumamosi nilikuwa naisimulia tena, nimefika pale pa punda na watu wanacheka, Mwadime akaingia. Ndiyo, huyo huyo. Bado anaishi upande wa kambi, na kila asubuhi huleta maziwa kwenye hoteli ndogo za Voi kwa baiskeli. Kiwiko chake kilikuwa kimechubuka hadi nyama nyeupe, na suruali ilikuwa imelowa maziwa upande mmoja. Lori lilikuwa limempita karibu mno kwenye barabara kuu, upepo wake ukamtupa mtaroni. Alikuja kutafuta mpira wa kufungia mtungi uliobaki.

"Umesikia, Mwadime?" nikamwambia. "Njia yao iko mbali na watu!"

"Iko mbali," akasema. "Na yetu iko wapi, bosi wa simiti?"

"Yetu ipi?"

"Ile ya reli. Ile niliyokufundishia kuning'inia kama nyani." Watu walikuwa bado wanacheka. Yeye hakucheka. "Ilipita wapi vile? Nikumbushe, mimi nazeeka."

Nikageukia rafu kumtafutia mpira wake. Tulijua sote wawili inapita wapi. Inapita ndani ya ploti yangu. Inagonga ukuta wangu upande huu, inatokea upande wa pili, na katikati nimepanga mchanga na kokoto. Nilipojenga niliona alama ya magurudumu kwenye udongo, nikaiona vizuri kabisa, nikamwambia fundi aendelee.

Jumatatu fundi huyo huyo alikuja na nyundo. Hakuamini, akaniuliza mara mbili. Tulisimamisha blekimamba na mitungi yake ukutani, tukachora upana wake kwa chaki, tukatoboa pande zote mbili, na vijana wangu wakahamisha kokoto. Sikuita mtu wa picha. Asubuhi ya tatu nilikuwa nimesimama kwenye ule mlango, nimevaa viatu vipya, nikikagua mawe ya pembeni, upepo ukileta mkonge, niliposikia nyuma yangu sauti nzito, iliyochakaa.

"Mzigo!"

Nikaruka kando. Mwadime akapita na mitungi yake miwili ya maziwa, hakupunguza mwendo, hakugeuza hata shingo. Alichosema ni, "Mlango mwembamba, bosi! Ongeza!" Nikabaki kwenye nyasi, viatu vimejaa mbigili, nikizichomoa moja moja, na vumbi lake lilikuwa halijatua.