Kwenda Posa Ainabkoi kwa Rivasi

Mimi niliacha shule darasa la sita, na leo nusu ya mtaa wa Langas, hapa Eldoret, inakula ugali wa unga uliosagwa kwa vinu vyangu. Kwa hivyo siku ya kwenda Ainabkoi kumposea kijana wangu, watu waliponishauri nikodi gari, niliwacheka. Mtu mwenye gari yake, tena otomatiki, akodi ya nini? Ni kweli gia zilikuwa zimeanza kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inalia kama inataka kupaa, na gari yenyewe inatambaa. Lakini ugonjwa huo nilikuwa nimeutibu mwenyewe. Niliongeza oili ya kinu kwa giaboksi. Oili ni oili.

Tulikuwa watatu: mimi, mama watoto, na kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu. Kwa lami tulienda vizuri. Tukaingia barabara ya vumbi, na kwenye mlima wa mwisho, boma la wakwe likionekana kule juu, gari ikakataa. Nikakanyaga. Ikalia. Ikaanza kurudi chini polepole.

"Shika breki!" kaka akapiga kelele. "Tukirudi nyuma harusi imekufa!"

Kwetu ndivyo ilivyo: waliotoka kuomba msichana hawageuki mpaka wafike. Na kupanda kwa miguu, nikiwa na suti, mbele ya wakwe walioambiwa mimi ni tajiri? Hapana.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nilijaribu rivasi, ikashika kama fahali. Basi nikakata usukani, nikaiacha ibingirike mpaka pua ikaangalia Eldoret, nikaanza kupanda kinyumenyume.

"Umegeuka!" kaka akasema.

"Gari ndiyo imegeuka. Sisi tunaenda Ainabkoi."

"Baba watoto," mke wangu akasema, akirekebisha kitambaa chake kipya, "kwa hivyo wakwe wanatuona matako kwanza?"

Kwenye geti, mzee wa boma alikuwa amesimama na wanawe, mikono nyuma. Hakutusalimia.

"Hawa watu," akawauliza wanawe, "wanakuja ama wanaenda?"

Nikamwangalia kaka. Msemaji wetu alikuwa anakagua viatu vyake. Nikatoa kichwa dirishani.

"Mzee, tunakuja. Ni vile gari yangu ina adabu. Imesikia mama mkwe yuko nyumbani, haiwezi kumwangalia usoni."

Kisha huko jikoni mwanamke mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Mzee akavua kofia, akajipangusa macho.

"Fungueni geti," akasema. "Kama gari imefunzwa heshima hivi, kijana si atakuwa malaika?"

Nikaingia bila kugusa nguzo hata moja. Msichana tulipewa hata kabla ya chai ya pili. Kaka mpaka leo anawaambia watu kwamba ni maneno yake yaliyofanya kazi. Namwacha tu, ni mkubwa wangu.